Safu Mbili za Saa

Baba mkwe wangu hakuwahi kuwa nahodha, na ukimwita nahodha alikukatiza hapohapo. Yeye alikuwa mtu wa ramani. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha juu cha meli za mizigo na penseli, rula na saa, kazi yake kujua meli iko wapi wakati hakuna anayeona kitu. Kituoni kwetu walimwita Mzee Ukungu, kwa sababu kila hadithi yake ilianzia humo: siku moja tulikuwa kwenye ukungu, huoni hata pua yako. Ukisikia hivyo, ujue chai yako itapoa.

Mimi ndiye niliyempeleka kituoni. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akanisifia kwa yale nitakayoyasema baadaye. Nimeolewa na mwanawe wa pekee, fundi magari, na tuliishi nyumba moja na wazee. Baba mkwe alipostaafu alitutia wazimu. Alirekebisha saa zote za nyumba, akapima hatua kutoka mlangoni hadi bombani, akampangia mama mkwe ratiba ya kufagia. Mama mkwe akaniambia, mkwe wangu, mtafutie huyu mtu kazi kabla sijarudi kwetu. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Kituo chetu kilikuwa jengo la ghorofa moja nyuma ya karakana, lenye antena mbili juu ya paa na zulia lililonuka vumbi. Tulitunza satelaiti mbili ndogo, kila moja ukubwa wa friji. Ya kwanza tuliiita Kaka, ya pili Mdogo. Kaka alikusanya vipimo vya maji kutoka kwenye mito, akampa Mdogo, Mdogo akatuletea sisi. Watu wa mabondeni walijua kama mafuriko yanakuja kwa sababu ya mazungumzo ya hao wawili.

Shida ilikuwa kwenye mazungumzo yenyewe. Walisemezana kwa mwali mwembamba wa mawimbi, na mwali mwembamba lazima uelekezwe sawasawa kwa mwenzako. Kila walipopotezana, Mdogo alianza kulipapasa anga lote, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha wageni. Dakika nne zinapita, tano zinapita, betri inaisha, na wakipatana muda wa kuongea umebaki kiduchu.

Mzee alikaa wiki mbili anatazama tu. Siku ya kumi na tano akauliza, hawa wakikutana, neno la kwanza wanaambiana nini? Mhandisi mmoja akamjibu kwamba wanapeana vipimo, si ndiyo kazi yao. Mzee akatikisa kichwa. Akasema meli mbili zikisikiana kwenye ukungu haziulizani habari za nyumbani. Kwanza unasema uko wapi, saa ngapi, unaelekea upande gani na kwa mwendo gani. Habari baadaye. Hapo hata sauti ikikatika, mwenzako anachukua penseli, anahesabu muda uliopita, anajua ageukie wapi. Hakuna haja ya kupapasa.

Ndivyo ilivyofanywa. Wahandisi waliandika amri mpya, na kuanzia hapo salamu ya kwanza ya Kaka na Mdogo ikawa mahali, saa na mwendo. Wakipotezana, kila mmoja anahesabu mwenzake atakuwa wapi, anageuka, anamkuta. Dakika nne zikawa sekunde kumi na tano. Mkuu wa kituo, mwanamke mmoja tuliyemwita Rula nyuma ya mgongo wake kwa jinsi alivyotaka kila kitu kinyooke, alimpa mzee mkataba wa mwaka mmoja. Akamwambia kwamba hesabu yake ikimaliza mwaka salama, itawekwa kwenye satelaiti nne mpya zilizokuwa zinatengenezwa. Jioni ile mzee alipita dukani akanunua penseli mpya, pakiti nzima, na nyumbani alizichonga zote kumi na mbili tukimtazama. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha kama ile.

Sasa nieleze sheria yake, maana bila hiyo hamtanielewa. Mzee alilichora upya daftari letu la zamu. Kila tukio likawa na safu mbili za saa. Ya kwanza, saa ya kuona. Ya pili, saa ya kuandika. Alisema mtu husikia jambo, akatafuta kalamu, akapiga chafya, halafu ndiyo anaandika, na akiandika anaandika saa ya chafya. Meli zimepanda miamba kwa sababu hiyo. Na ukikosea, hufuti. Unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka, unaandika iliyo sahihi pembeni na kutia sahihi. Sisi vijana wa zamu tulimcheka. Mimi hasa, nina mdomo, nilimwambia baba, hapa si melini. Akanijibu kwa upole kwamba huku ni kubaya zaidi, melini ukichelewa sekunde moja umekosea mita saba, huku umekosea kilomita saba na nusu.

Mwezi wa tisa wa mkataba wake, Kaka aliugua. Kifaa chake cha kujua mahali alipo kilikufa, kisha akageuka vibaya na mabapa yake ya umeme wa jua yakatazama gizani. Masikio yake ya kutusikia sisi wa chini yalikuwa yameziba tangu mwaka uliopita. Amri ya kumgeuza arudi juani ilibidi ipitie kwa Mdogo, na Mdogo hakujua aelekeze wapi, maana salamu ya mwisho ya Kaka ilikuwa imepitwa na muda. Betri ya Kaka ilikuwa na maisha ya saa chache. Kilichobaki ni mlio wake. Satelaiti ikija kwako mlio wake unakuwa juu, ikikupita unashuka, na ile nukta unaposhuka ndiyo saa iliyokupita. Mpe mzee saa hiyo, naye angekupa mahali. Mashine ya kunakili saa bila mkono wa mtu ilikuwa kwa fundi. Kwa hiyo mtu akae na spika masikioni, asikilize, aangalie saa ya mezani, aandike.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, mwezi mmoja kabla ya kuthibitishwa kazini, na mwanangu wa mwaka na nusu nilimwacha nyumbani anachemka homa.

Mlio ulikuja vizuri. Nikausikia unapanda, nikausikia unashuka, na papo hapo simu ikatetemeka mapajani. Alikuwa mama mkwe. Mtoto amepata degedege, wako njiani kwenda hospitali. Nilisema sijui nini. Nilipokata simu nikainua macho, nikaona saa ya ukutani, ambayo mzee aliilinganisha na ya mezani kila asubuhi, nikaandika: saa tano, dakika kumi na nane, sekunde arobaini na sita. Safu ya kwanza. Safu ya pili nikarudia hiyohiyo. Nikampa mzee daftari, nikakimbia.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Kaka hakupona. Mzee alihesabu kwa saa niliyompa, Mdogo akageuka pale alipoambiwa, akatuma amri kwenye utupu. Wakasubiri jibu, hakuna. Mzunguko uliofuata mlio ulikuwa umefifia kiasi kwamba hawakuweza kuupima tena, na wa baada ya huo walisikia mkwaruzo mtupu. Niliporudi kutoka hospitali saa kumi jioni nilikuta kila mtu anatazama viatu vyake.

Kesho yake asubuhi tukaitwa kikaoni. Rula alitaka kujua kosa liko wapi, kwenye kipimo au kwenye hesabu. Mimi nilikuwa nimeshajua. Usiku nilifungua simu nikaona mazungumzo yale yalidumu sekunde arobaini na moja, na sekunde arobaini na moja ni zaidi ya kilomita mia tatu. Nimekaa pale, najiambia akiuliza nitasema. Mzee akaomba daftari. Akalifungua ukurasa ule, akautazama kitambo. Safu mbili, saa ileile moja. Hakuna binadamu anayesikia na kuandika kwenye sekunde moja, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Akalifunga taratibu, akaweka mkono juu yake.

"Kipimo kiko sawa," alisema. "Hesabu niliikosea mimi."

Rula akamuuliza ana hakika. Mzee akasema ameshakula chumvi nyingi, macho yamechoka, penseli imemponyoka. Na mimi nikatulia tuli kama maji mtungini. Ningeweza kusema nilikuwa na mtoto mgonjwa, nilikuwa na kazi ya kupoteza. Ni kweli vyote. Lakini mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini, mtoto amenenepa, na bado sikusema. Woga nilioanza nao ulikwisha, ikabaki aibu, na aibu haina tarehe ya kumalizika.

Mkataba wake haukuongezwa. Ile hesabu ikaandikwa kwenye ripoti kwamba imejaribiwa ikashindwa, na satelaiti nne mpya zikapangiwa kupapasa kama zamani. Siku yake ya mwisho mzee aliomba kigoda. Akapanda, akaitoa saa ya ukutani kwenye msumari, akailaza kifudifudi juu ya kabati. Jioni nyumbani, nilipomletea maji ya kunawa, aliniambia jambo moja tu, bila kunitazama.

"Mama, ile saa ya ukutani nimeishusha. Mtu asije akaandika tena akiangalia ukuta."

Hapo nikajua kwamba anajua. Nikammwagia maji mikononi, naye akanishukuru.

Tuliishi hivyo miaka miwili na ushei. Aliyeniumiza zaidi ni mume wangu, naye hakuwa na kosa. Alikuwa akijivunia baba yake gereji nzima, sasa akaona amefedheheshwa. Wageni wakija alikuwa na utani wake: jamani, msimpe mzee rimoti, huyu ameshaua chuma cha watu angani. Wageni wanacheka. Mzee naye anacheka, anasema ni kweli, nilikiua. Mimi natoka kwenda jikoni kuosha vyombo visafi. Niliwahi kumgombeza mume wangu kwamba ana adabu mbovu, akaniuliza tangu lini nikawa wakili wa baba yake.

Penseli zake alizigawa. Moja alimpa mjukuu wake, akamfundisha kusoma saa kabla hajajua kuhesabu hadi mia. Yule mtoto anajua tangu yuko mdogo kwamba kuna saa ya kuona na saa ya kuandika. Nilikuwa nikiwasikia barazani nikatamani ardhi ipasuke.

Halafu moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, tukamlaza wodini, kitanda cha dirishani. Hata pale aliwaambia wauguzi kwamba saa yao ya ukutani iko nyuma dakika sita. Daktari alituita pembeni akatwambia tumkae karibu. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliona kabisa kwamba kifo kinakuja, ila kinamchukua mwingine na kuniumbua mimi. Alhamisi ile niliomba ruhusa kazini. Kwenye pochi nilikuwa na kikaratasi nilichoandika miaka miwili nyuma: muda wa ile simu, kuanza kwake na kuisha kwake. Nilikuwa nimekihamisha pochi tatu.

Nilimkuta amelala. Nikavuta kiti. Baadaye akafungua macho.

"Saa ngapi, mama?"

"Saa nane na dakika tisa, baba."

"Ya ukutani au ya mkononi?"

"Ya mkononi."

Akatabasamu kidogo, akafumba macho. Nikaona nikingoja tena sitasema kamwe. Nikakitoa kikaratasi, nikakishika kwa mikono miwili, nikaanza. Nilisema macho yangu yakiwa chini, maana ndivyo nilivyolelewa, baba mkwe humtolei macho, na aibu nayo ilinizidi. Nikasema baba, siku ile ya Kaka, saa niliyokupa haikuwa ya kuona. Nikamweleza simu, degedege, ukuta, safu zote mbili. Nikamwambia nilijua kwenye kikao nikanyamaza, na nimekuwa nikijua kila siku ukichekwa mezani. Nikamwomba radhi. Nikangoja jibu. Nilipoinua macho, kifua chake kilikuwa kimetulia.

Sijui alinisikia hadi neno gani. Nimejaribu kuhesabu, kutoka saa nane na tisa aliponiuliza hadi saa nane na kumi na nne nilipoona, nikipanga maneno yangu kwenye hizo dakika tano. Sipati. Huenda alisikia yote. Huenda aliondoka nikiwa bado natafuta pa kuanzia. Kama ningemtazama usoni ningejua.

Wauguzi walikuja, pazia likavutwa, wakafanya yao. Baadaye mmoja, binti mpole tu, akakaa na fomu. Nikamwona anainua macho ukutani, anaandika saa nane na dakika arobaini. Nikamwambia si hiyo. Akaniambia dada pole, hiyo ni saa niliyojaza, haina tofauti. Mungu anisamehe, nilimpandishia sauti. Nilimwambia ina tofauti, amekufa saa nane na kumi na nne, nimeona mimi, na hiyo saa yenu ya ukutani ni mbovu, mgonjwa amewaambia wiki nzima. Wodi yote ikageuka. Yule binti akatoa dawa nyeupe ya kufutia, nikamshika mkono.

"Usifute," nilimwambia. "Piga mstari mmoja. Uandike pembeni."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyechanganyikiwa na msiba, akapiga mstari, akaandika pembeni, akatia sahihi. Hapo ndipo nilipolia.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilimfuata mume wangu uani nikamweleza yote nimesimama. Hakunikatiza. Mwishoni akasema neno moja, "Nilimcheka." Akaenda akafunua boneti ya gari, akasimama kuangalia injini mpaka jua likazama, hakugusa hata nati moja. Hadi leo hajanilaumu, na hajanitania tena.

Jumatatu nikamfuata Rula kwenye chumba cha zamu. Nilimwekea kikaratasi mezani, nikamwambia alichokisema mzee kikaoni si kweli. Alikisoma mara mbili. Hakunifokea. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa daftari la mwaka ule na karatasi za hesabu za mzee, zile za penseli, zilizokuwa zimebandikwa kwenye ripoti. Akapunguza sekunde arobaini na moja, akapita nazo mstari kwa mstari, mwenyewe, kwa mkono. Ilimchukua kama nusu saa. Halafu akalinganisha jibu na mahali Kaka alipokuwa kweli siku ile, maana vituo vingine vilikuja kumpima baadaye, akiwa amekufa.

Ile hesabu ilimkosa Kaka kwa kilomita nne. Mwali wa Mdogo ukifika kwa mwenzake unakuwa umepanuka kilomita thelathini. Kaka angesikia. Angegeuka juani.

Rula akavua miwani, akaiweka juu ya meza. "Alikuwa amepatia," alisema.

Nikasema ndiyo, alikuwa amepatia. Zile satelaiti nne zilikuwa zimesharushwa mwaka uliotangulia, na mpaka dakika ile zilikuwa zinapapasana huko juu. Rula akasema atawaandikia wahandisi, pengine amri zinaweza kubadilishwa kutoka chini, hakuahidi. Kuhusu mimi akasema nitapata barua ya onyo, na pengine zaidi ya barua. Nikasema sawa. Kisha akaligeuza daftari upande wangu, akanisogezea kalamu.

Ukurasa ulikuwa vilevile, mwandiko wangu wa haraka, na saa moja imerudiwa mara mbili. Msumari ulikuwa bado ukutani juu ya kichwa chake. Nikapiga mstari mmoja juu ya safu zote mbili, kosa likabaki linasomeka. Pembeni, kwenye saa ya kuona, nikaandika saa tano, dakika kumi na nane, sekunde tano, na tarehe ya siku ile. Kwenye saa ya kuandika nikatazama saa yangu ya mkononi, nikaandika saa ya wakati ule na tarehe ya Jumatatu hiyo. Nikatia sahihi.

Rula akainama kusoma. Akaniambia kwamba mtu akisoma atadhani hapo kwenye safu ya pili nimekosea mwaka, kati ya kuona na kuandika kuna miaka miwili na miezi minne.

Nikamwambia sijakosea.